Zabibu Tulizozianika Kama Ndagala

Magoti yangu yamekataa kuchuchumaa, na mtunza mizabibu asiyeweza kuchuchumaa ni kama muadhini aliyepotewa na sauti: heshima ipo, kazi hakuna. Mwezi uliopita niliukabidhi mkasi wangu wa kupogolea, nikaja kukaa barazani kwangu hapa Rumonge nikidhani nitapumzika. Wapi! Nyinyi mliobaki bustanini hamnipi raha. Kila siku anapita mmoja wenu: "Mzee Sefu, ile yenye harufu tunaitambuaje kabla haijazaa?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nimeshika kalamu, naandika kwa herufi za Kiarabu kama nilivyofundishwa chuoni Ujiji, na anayejua kusoma atawasomea wenzake. Mshahara na cheo sitavitaja. Havijawahi kuotesha jani.

Kabla ya zabibu nilikuwa muuza manukato. Nilitembea na kisanduku cha udi, ubani, marashi ya waridi, na kichupa kidogo cha miski ya kweli ambacho nilikifungua kwa mteja mwenye adabu tu. Nilioa hapa, nikamfuata mke wangu Mwanaasha, nikatulia. Siku moja alikuja barazani Mdachi mmoja mrefu. Watu walimwita Bwana Miwani kwa sababu miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Serikali ilikuwa imempa kipande cha ardhi kando ya ziwa ajaribu kuotesha mizabibu. Hakunitazama mikono wala mabega, alinitazama pua.

"Wewe najua harufu?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Ndiyo kazi yangu, Bwana."

"Basi kuja kwangu kesho."

Kesho yake nilielewa. Alikuwa ameletewa kutoka kwao fimbo za mizabibu za aina tatu, zimefungwa ndani ya ukoka mbichi, kila fungu na kibati chake chenye jina. Zilivuka kutoka Ujiji kwa mtumbwi. Wapiga kasia waliona vibati vinang'aa, wakavivua na kuvifunga kwenye ndoana zao, na nasikia walivua samaki wengi sana safari ile. Fimbo zilifika Rumonge hazina majina. Aina mbili zilikuwa za kawaida, chachu, za kukamulia mvinyo mwepesi. Ya tatu ndiyo Bwana aliyoipenda kuliko zote, zabibu nyeupe yenye harufu yake yenyewe. Sasa ipi ni ipi? Na yeye alivuta ugoro tangu ujanani, pua yake ilikuwa imekufa kabisa. Waridi na samaki kwake vilikuwa mamoja. Ndipo akanihitaji mimi.

Huko bustanini nilimkuta Ndabaneze, Mrundi wa Kizuka, bingwa wa michikichi, mtu mfupi mwenye kisu kikali na ulimi mkali zaidi. Ndiye mwalimu wangu, ingawa tulikuwa rika moja na yeye pia hakuwahi kuuona mzabibu. Lakini alijua miti. Siku ile ya kwanza nilipanda mstari mzima huku nikiimba kwa furaha. Alipita nyuma yangu, akachuchumaa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Amahoro, muuza harufu! Fimbo zote umezipanda kichwa chini. Hizi zitazaa kule kwa wafu, na sisi huku tutakula nini?"

Akanionyesha jicho la fimbo, kile kivimbe ambamo chipukizi hutokea. Jicho hutazama juu. Macho mawili yaingie udongoni, mawili yabaki nje yaone jua. Mpaka leo nikimwona mtu anapanda bila kutazama jicho, mkono unaniwasha.

Nyingi zilikufa. Zilizobaki zilitambaa juu ya chanja kwa nguvu ya ajabu, majani tele, kivuli kizuri, matunda hakuna. Mwaka wa kwanza hakuna, wa pili hakuna. Bwana Miwani alikuwa na kitabu chake, na kitabu kilisema subiri baridi, majani yaanguke yenyewe, ndipo ukate. Basi tukasubiri baridi. Hapa Rumonge! Ndabaneze alikuwa akimuuliza kila asubuhi, kwa heshima kamili, kama baridi imeshaandika barua kwamba iko njiani.

Aliyetufundisha kazi alikuwa mbuzi, tena mbuzi wa Mwanaasha. Mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka wa tatu alipenya ua, akaingia pembe ya bustani, akala mizabibu minne mpaka ikabaki miti mitupu. Niliona giza. Nilijua nitafukuzwa kazi, na mbuzi atakuwa mchuzi. Bwana akalala na homa siku nyingi bila kufika pembe ile, na mimi nikawa namwagilia ile minne maji ya ziwa kwa hofu na toba. Siku moja Ndabaneze akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Sefu! Ewe Sefu! Kuja uone!"

Ile minne ilikuwa imechipua upya, na katika kila chipukizi, chini ya majani machanga, vilining'inia vishada vidogo vya maua ya kijani, vidogo kama mtama. Kwenye mizabibu mingine yote, ile iliyonona, hakukuwa na hata kimoja. Ndabaneze akasema, "Miti hii haijui kulala. Kwao baridi inailaza. Hapa iko mbuzi." Nilimkumbatia. Nilitaka kumkumbatia na mbuzi.

Ndiyo siri yote ya kazi yetu, wadogo zangu. Mvua zikikatika, unainyima maji mpaka ichoke, unaivua majani kwa mkono, unapogoa, halafu unaimwagilia. Itadhani imeamka usingizini. Bwana alipopona tulimwonyesha. Akakifunga kitabu chake, ila akatukataza kuivua mingine mpaka aone tunda la ile minne kwa macho yake.

Matunda yalikuja. Mzabibu mmoja ulizaa zabibu kubwa zenye maji mengi, chachu, za kukunja uso. Mitatu ilizaa vishada vilivyobana, punje ndogo za duara, kwanza kijani, halafu rangi ya asali, halafu zikapata vidoadoa vya kahawia upande wa jua. Nyuki walikuwa hapo kabla yetu. Nikachuma punje moja, nikaiweka kinywani, nikaibana kwa ulimi.

Sijui niseme nini ili mnielewe. Nimeuza manukato tangu ndevu zangu ziote, na siku zote harufu ilikuwa kitu unachokipaka juu ya kitu kingine. Hii ilikuwa ndani ya maji ya tunda lenyewe. Waridi ilikuwemo, asali ilikuwemo, ua la mchungwa lilikuwemo, na nyuma yake miski, miski hasa! Nilipiga kelele. Watu walikuja mbio wakidhani nimeumwa na nyoka. Nikawagawia punje mojamoja, na kila mmoja alifumba macho.

Bwana Miwani alionja, hakusikia harufu yoyote, masikini, lakini alitutazama nyuso zetu na machozi yakamlenga. "Muskat!" akasema. "Hii ndiyo Muskat!"

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na ni kosa ambalo Mdachi asingeweza kulifanya hata angejaribu. Yeye alisema Muskat. Mimi, na kila Mwislamu wa Rumonge, tulisikia Maskati. Maskati kwa Waarabu! Nilifurahi mara mbili, maana moyo wangu ulikuwa ukinisuta kutunza mti wa pombe. Kumbe ni mti wa watu wa dini! Habari ikaenea sokoni kabla ya adhuhuri, na kina mama wakaanza kuniulizia zabibu za Maskati za kutia kwenye pilau ya Idi.

Wakati huohuo ikaja barua. Mkaguzi wa mashamba atatoka Usumbura kuangalia bustani, na kama haina faida, mizabibu ing'olewe na ardhi ipandwe michikichi. Bwana alipanda mtumbwi kwenda kumchukua mwenyewe. Akaniachia amri moja: "Muskat kesha iva. Kata yote, weka tayari."

Weka tayari. Naomba kadhi yeyote anihukumu. Zabibu ya Maskati iliyo tayari ni ipi? Kila aliyewahi kula pilau anajua: ni kavu! Ndabaneze hakuwahi kuiona zabibu kavu maishani mwake, akaniamini. Tukakata vishada vyote vya ile mitatu, tukavipeleka ufukweni kwa kina mama wanaoanika ndagala, hao dagaa wa ziwa letu, kwa sababu hakuna mtu pwani hii anayejua jua kuliko wao. Wakatupa mahali pazuri pa mchanga, tukatandika mikeka. Tulizigeuza asubuhi na jioni, siku baada ya siku, mimi nimejaa fahari. Siku ya mwisho upepo uligeuka, ukatoka upande wa ndagala.

Mkaguzi alishuka mtumbwini akiwa na njaa ya zabibu mbichi. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na wapole wa sauti ndio wa kuogopwa. "Ziko wapi?" Nikampeleka kwenye mikeka kwa mbwembwe zote. Bwana Miwani alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, akaivua. Nadhani alitumaini kwamba tatizo ni kioo.

"Nilisema tayari," akanong'ona.

"Ziko tayari, Bwana."

Mkaguzi aliokota punje moja upande uliopigwa na upepo. Akatafuna, akatema. Ilikuwa ndagala tupu. Akasema kwa ile sauti yake ya pole kwamba ameona ya kutosha, na kesho majembe yaanze. Niliingiwa na hofu. Si kwa ajili ya kazi, wallahi, nilikuwa na kisanduku changu cha udi. Niliona tu kwamba harufu ile niliyoipata mara moja maishani itang'olewa na kuchomwa kwa sababu ya ujinga wangu. Nikakimbilia mkeka wa mbali zaidi, nikachota kiganja kizima, nikarudi nikimnyooshea.

"Bwana Mkubwa, onja hizi. Kosa moja haliachi mke."

Sijui kama alielewa methali, lakini alionja. Akaacha kutafuna. Akachukua nyingine, na nyingine, mpaka kiganja changu kikabaki kitupu, na bado vidole vyake vikipapasa. Kisha akatoa uamuzi: ile mitatu ibaki. Mingine yote, thelathini na kitu, ing'olewe.

"Bwana," nikasema, "kati ya hiyo mingine wamo ndugu zao. Hawajazaa tu. Nipe siku moja nikutajie."

"Kwa nini nikuamini?" akauliza. Halafu, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa upande wangu, akakubali kwa sharti. Nitakayoitaja itabaki mpaka izae. Lakini ukitokea hata mmoja wa zabibu chachu, nimempotezea wakati, na yote itang'olewa, pamoja na ile mitatu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo jibu la swali lenu. Nilikuwa na mchana mmoja. Nilikaa kwanza mbele ya ile mitatu, kisha mbele ya ule mmoja uliozaa chachu, Ndabaneze kando yangu, tukaisoma kama barua. Jani lake lina meno marefu, makali, kama msumeno mpya. Zile chachu meno yake ni butu. Ncha ya chipukizi changa ina wekundu wa shaba. Na chini ya jani, hapa ndipo penyewe: zile chachu zina manyoya kama shavu la kijana anayeanza kuota ndevu, lakini Muskat ni laini. Kidole hakitoshi kuhisi, kidole cha mkulima kina sugu. Ndabaneze ndiye aliyepitisha jani chini ya pua, juu ya mdomo wake wa juu. "Hapa ngozi haijalima," akasema. Hivyo ndivyo tulivyoipima yote, mzabibu kwa mzabibu, wanaume wazima wawili tunabusu majani juani. Waliobeba majembe walikaa wakatucheka waziwazi.

Nilifunga uzi mweupe kwenye wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila nilipoupata moyo uliruka kama nimekutana na jamaa yangu ugenini. Nilipofika wa kumi nilikuwa naimba tena.

Wa kumi na moja ulinisimamisha. Meno yalikuwa makali, ndiyo. Lakini ncha ilikuwa imekauka, na chini ya jani nilihisi manyoya. Mti wenyewe ulikuwa mgonjwa, umejaa ule ukungu mweupe tunaounyunyizia unga wa kibiriti.

"Huyu ni ndugu yao," akasema Ndabaneze.

"Ana manyoya."

"Oya, mugenzi," yaani hapana, rafiki, akasema kwa Kirundi chake. "Iko ukungu hiyo. Umufute uone."

Nilifuta. Bado nilihisi kitu. Nilifuta tena, na sasa sikujua kama ninachohisi ni jani au ni hofu yangu. Nikiukosea huu, nimeua kumi na mitatu. "Siwezi," nikamwambia. "Ung'olewe." Ndabaneze akasogea kwenye mti unaofuata. Siku ya pili majembe yakaingia. Yeye alikusanya fimbo za miti iliyong'olewa akaenda nazo Kizuka, na mimi nilidhani ni kuni.

Tuliivua ile kumi majani, tukaipogoa, tukaimwagilia, tukasubiri. Mwanaasha alisema nililala na mizabibu kuliko nilivyolala na yeye. Maua yakaja, punje zikaja, kijani zote, hazisemi kitu. Mkaguzi aliporudi zilikuwa zimeanza kupata rangi ya asali. Alipita mti kwa mti, akichuma punje moja kila mti, na mimi nyuma yake nikihesabu kwa tasbihi mfukoni. Wa kwanza, akaitika kwa kichwa. Wa tano, akaitika. Wa nane akageuza uso kando, nikaona nyota mchana, kumbe alikuwa anatafuta pa kutemea mbegu. Wa kumi! Yote kumi ilinukia! Bwana Miwani alirusha kofia yake ikaangukia ziwani, na hakuna aliyejali kuifuata. Ndabaneze alicheza. Mimi nililia hadharani, na sioni haya kuandika hivyo.

Mvinyo walikamua Wadachi wenyewe. Mimi sikuwahi kuuonja, na msiniulize. Harufu yake wakati wa kukamua ilinitosha, na Mungu hakuharamisha pua.

Baada ya hapo niliitwa bingwa. Watu walikuja kutoka Kabezi kunionyesha majani ya miti yao, hata yasiyo ya mizabibu, na mimi nilitoa hukumu kwa kila kitu. Nilikuwa mtu wa kuchosha sana, Mwanaasha ni shahidi. Ikapita miaka miwili hivi. Siku moja Ndabaneze akanialika kwake Kizuka, akasema kuna jambo dogo. Nyuma ya nyumba yake, juu ya chanja cha miti ya michikichi, ulikuwapo mzabibu mmoja, mzima, wenye afya, umejaa vishada vya rangi ya asali.

"Onja," akasema.

Nilijua kabla haijafika mdomoni. Waridi, asali, miski. Ilikuwa na nguvu kuliko yetu, wallahi kuliko yote ya bustanini. Nikageuza jani, nikalipitisha juu ya mdomo wangu wa juu. Laini kabisa.

"Ni ule wa kumi na moja," nikasema.

"Ego," akaitika.

"Ndabaneze, ulijua. Siku ile ulijua. Mbona hukunibishia?"

"Nilikuambia mara moja, mugenzi. Ukaogopa, nikaona hofu yako iko na haki, ulikuwa na kumi na mitatu mikononi." Akachuma kishada kingine akanipa. "Halafu ukapata hakika. Na mutu mwenye hakika haambiwi. Anangojewa, anaonjeshwa."

Nilikula kishada kile chote nimesimama, mwenye mti akinitazama. Kile nilichokisikia si aibu peke yake. Ilikuwa furaha kubwa, ya mtu aliyeua ndugu yake akamkuta hai anakula chakula chake. Mstari mnaoupenda kuliko yote, ule ulio karibu na maji, ambao mmenisikia nikiusifu kila msimu, wote ni watoto wa mti ule niliouhukumu. Nilipomaliza kula niliifuta mikono yangu, nikamwomba Ndabaneze, kwa adabu, anikatie fimbo moja. Akanikatia, akaniuliza kama nakumbuka jicho linatazama wapi.